Kutoka Moto wa Vita hadi Ngozi ya Maabara

Oktoba 1915, mashua mbili za kivita za Waingereza zilifika karibu na mahali mto Lukuga unapotoka katika ziwa Tanganyika, ambapo leo ni mji wetu wa Kalemie. Ziliitwa Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa ng'ombe na kwa mashine za mvuke, huku wenyeji wakikata miti na kujenga madaraja mbele yake. Zikateremka kwa maji ya Lualaba hadi Kabalo, na kutoka hapo zikapandishwa treni ya kampuni ya reli ya CFL kuelekea ziwani. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Juu ya vita hivyo vya ziwani yameandikwa mengi. Ila injini za mashua hizo zilitumia petroli, hiyo ambayo sisi Wakongo tunaiita esansi, na askari aliyekaa juu ya tangi la esansi huku risasi zikipita alikuwa anacheza na kifo kibaya kuliko cha risasi.

Daktari wa msafara ule alikuwa Hother Hanschell, mjuzi wa magonjwa ya nchi za joto. Mtu aliyeungua nusu ya mwili katika miaka ile hakuwa na matumaini, awe Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati wa ukoloni, au London. Daktari alisafisha jeraha, akalifunika, akasubiri. Mgonjwa akivuka siku za kwanza, ambapo maji ya mwili huvuja kupitia jeraha kama mtungi uliopasuka, vijidudu vilimfuata. Na akivuka vijidudu, kovu lilimkamata: kidevu kikagandamana na kifua, vidole vikajikunja, kiwiko kikagoma kunyooka. Watu wa namna hiyo tunawajua. Kila mtaa wa mji wetu una mtoto aliyeangukia sufuria ya maji ya moto au mwenye kifafa aliyeanguka kwenye mbabula wa makala.

Tatizo limo katika ngozi yenyewe. Tabaka la juu ni jembamba mno, nalo hujizaa upya kila siku kutoka kwa seli zilizo chini yake na zile zinazozunguka mashina ya nywele. Tabaka la ndani ni nene, limefumwa kwa nyuzi za kolajeni, na ndani yake mna mishipa ya damu, neva na tezi za jasho. Moto ukila la juu tu, ngozi hurudi. Ukila yote mawili, hakuna mbegu iliyobaki. Jeraha hufunga kwa kuvuta kingo zake kuelekea katikati, na huko kuvuta ndiko kunakowalemaza watu. Historia yote ninayoisimulia hapa ni ya watu waliotafuta namna ya kuirudisha mbegu na udongo wake mahali ambapo vyote vimeungua.

Kijana Mswisi aliyekuwa akijifunza upasuaji Paris, Jacques-Louis Reverdin, ndiye aliyefungua njia mwaka 1869. Alikata vipande vidogo mno vya ngozi, akaviweka juu ya nyama nyekundu ya jeraha lililokataa kupona. Vipande vikashika. Kingo zake zikaanza kutambaa pande zote, kila kipande kikawa kisiwa kinachopanuka, hadi visiwa vikakutana. Baada yake, Ollier wa Lyon na Thiersch wa Leipzig walijifunza kuchukua vipande vikubwa zaidi. Kabla ya hao wote, Wahindi walikuwa wamejua kwa karne nyingi kutengeneza pua mpya kwa kipande cha ngozi ya paji la uso ambacho hawakukikata chote, bali walikiacha kimeshikwa na shina lake ili damu iendelee kupita. Hizo ndizo njia mbili ambazo dunia ya upasuaji imezifuata mpaka leo: ngozi iliyokatwa kabisa, inayotegemea kitanda cha jeraha kuilisha, na ngozi inayohamishwa pamoja na chakula chake.

Vita vile vile vilivyoleta Mimi na Toutou hapa kwetu ndivyo vilivyoisukuma njia ya pili mbele. Mapema mwaka 1916, Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand, alianza kushughulikia nyuso zilizoraruliwa na vita katika hospitali ya jeshi huko Aldershot, Uingereza. Baada ya vita vya Somme kuanza mwezi Julai, alipokea majeruhi wapatao 2,000. Mwaka 1917 alihamia hospitali mpya ya Sidcup. Huko aliletewa baharia Willie Vicarage, ambaye uso wake uliungua katika vita vya baharini vya Jutland. Gillies alipoinua kipande cha ngozi kutoka kifuani mwake ili akipandishe usoni, aliona kingo zake zinajikunja zenyewe kuelekea ndani. Akaamua kuzishona pamoja. Kipande bapa kikawa mrija. Ndani yake damu ilipita salama, nje palikuwa na ngozi isiyoingiza vijidudu. Mrija huo ulining'inia wiki kadhaa kati ya kifua na uso, hadi ulipoota mizizi upande wa pili, kisha ukakatwa. Huko Odessa, daktari wa macho Vladimir Filatov alikuwa amefikia mrija kama huo peke yake, bila mmoja kujua habari za mwenzake.

Sidcup ilipasua wanajeshi zaidi ya 5,000. Wengi walirudi kwao na nyuso wanazoweza kuonyesha watu. Wapagazi na askari wa Afrika waliopigana na kubeba mizigo upande huu wa dunia hawakuwa na Sidcup yao, na jambo hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu ndilo lililofuata kila hatua ya historia hii.

Kwa nini basi madaktari wasichukue ngozi ya mtu mwingine? Walijaribu, mara nyingi. Jibu lilipatikana katika Vita vya Pili vya Dunia. Peter Medawar, mwanabiolojia wa Oxford, aliingia katika suala hilo baada ya ndege kuanguka karibu na nyumbani kwake na rubani wake kuungua vibaya. Akaenda Glasgow kufanya kazi na daktari Thomas Gibson. Mgonjwa mmoja aliyeungua aliwekewa vipande vya ngozi yake mwenyewe na vya ngozi ya ndugu yake. Vya kwake vilishika. Vya ndugu vilishika kwa siku chache, vikafa. Walipoweka tena vya ndugu yule yule, vilikufa haraka zaidi. Mwili ulikuwa umejifunza na kukumbuka. Waliandika matokeo hayo mwaka 1943, na mwaka 1960 Medawar alipata Tuzo ya Nobel. Tangu hapo ilieleweka kwamba ngozi ya kudumu ni lazima itoke kwa mgonjwa mwenyewe. Lakini mtu aliyeungua mwili karibu mzima ataitoa wapi?

Kabla swali hilo halijajibiwa, ufundi wa Gillies ulivuka bahari kuja kwetu. Binamu yake na mwanafunzi wake, Archibald McIndoe, alikuwa akitibu marubani huko East Grinstead. Nao waliunguzwa na petroli iliyolipuka mbele ya nyuso zao. McIndoe aligundua kwamba walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, ndipo akaanza kuwaogesha wote kwa maji ya chumvi. Mmoja wa waliojifunza kwake, Michael Wood, alikuwa daktari mpasuaji Nairobi. Mwaka 1957 Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walianzisha shirika ambalo leo linaitwa Amref. Wote watatu walikuwa mafundi wa kurekebisha ngozi na viungo. Wood aliendesha ndege mwenyewe kwenda vijijini Kenya, Tanganyika ya wakati huo na Uganda. Hospitali za misheni ziliwakusanya wagonjwa: walioumwa na fisi, wenye midomo iliyopasuka, na hasa walioungua zamani ambao makovu yaliwafunga viungo. Kwa maoni yangu, wazo la daktari kumfuata mgonjwa aliyejificha kwa aibu ya kovu ni kubwa kuliko kifaa chochote nitakachokitaja hapa.

Si moto tu ulao ngozi. Mwaka 1897, Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika juu ya vidonda vipana visivyouma, ambavyo baadaye vilikuja kuitwa vidonda vya Buruli, kwa jina la eneo la Uganda. Bakteria wake hutoa sumu inayoua mafuta chini ya ngozi na kunyamazisha neva, hivyo mtoto huendelea kucheza huku mguu wake unaoza. Kongo ina maeneo yake ya ugonjwa huu, na Ankoro, katika jimbo letu la Tanganyika, ni mojawapo. Siku hizi dawa za antibiotiki huponya wengi, lakini vidonda vikubwa bado vinahitaji kufunikwa kwa ngozi nyingine.

Kufunika huko hufanyika hivi. Daktari huchukua kisu kirefu kinachofanana na wembe mkubwa wenye kizuizi cha kupimia unene, akapaka paja mafuta, msaidizi akalivuta kwa ubao hadi likanyooka. Kisu huenda mbele na nyuma kwa miondoko mifupi, na ukanda wa ngozi hujikusanya juu yake, mweupe, mwepesi, unapitisha mwanga. Tangu mwaka 1964 kuna mashine ndogo ya mkono inayoutoboa ukanda huo vitundu vingi ili uweze kuvutwa kama wavu, ufunike eneo mara tatu ya ukubwa wake. Vitundu hivyo pia hutoa damu na majimaji, maana damu ikikusanyika chini ya ngozi mpya, ngozi hiyo hufa. Kwa siku mbili za kwanza kipande hunyonya tu majimaji ya jeraha. Kisha mishipa midogo ya chini huungana na ile iliyomo ndani yake. Siku ya tano hivi bandeji hufunguliwa, na kila mtu chumbani hutazama rangi. Ikiwa ni ya waridi, imeshika. Ikiwa nyeusi au inateleza kidoleni, kazi inaanza upya. Paja lililokatwa nalo linauma kuliko jeraha lenyewe, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema.

Sasa turudi kwenye swali la mtu asiye na paja zima la kukata. Jibu lilitoka Massachusetts, Marekani, kwa njia mbili tofauti ndani ya miaka michache.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mbegu. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walitangaza kwamba wameweza kukuza seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu nje ya mwili, tena na tena. Seli hizo peke yake kwenye sahani hukata tamaa na kufa. Wao walizilaza juu ya seli za panya zilizopigwa mnururisho ili zisizaliane, lakini zikaendelea kutoa vile ambavyo seli za ngozi zinahitaji kutoka kwa majirani. Kipande chenye ukubwa wa stempu kikaweza kuzaa, ndani ya wiki tatu au nne, ngozi ya kutosha kufunika mwili. Majira ya joto ya 1983, watoto wawili ndugu kutoka Wyoming waliletwa Boston wakiwa wameungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao. Ngozi yao ilikuzwa maabara kutoka kwapani na maeneo machache yaliyosalia, ikarudishwa juu yao karatasi kwa karatasi. Walipona, na habari zao zikachapishwa mwaka 1984. Hapo kwa mara ya kwanza tishu iliyooteshwa kwa mikono ya watu iliokoa maisha ambayo hakuna njia nyingine ingeyaokoa.

Lakini karatasi zile zilikuwa na unene wa seli chache tu. Zilipasuka, zilitoa malengelenge, zilikataa kushika mahali palipokosa tabaka la ndani. Mbegu bila udongo.

Udongo uliandaliwa na John Burke, mpasuaji wa Boston, na Ioannis Yannas, mhandisi mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi chuo cha MIT. Walianza karibu mwaka 1969. Walichukua kolajeni ya ng'ombe, wakaichanganya na kiini kinachotoka kwenye gegedu la papa, wakaikausha kwa baridi hadi ikawa sifongo yenye vitundu vidogo sana, wakaifunika juu kwa utando wa silikoni. Sifongo iliwekwa juu ya jeraha lililosafishwa. Silikoni ilizuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Chini yake, seli za mgonjwa zilihamia ndani ya vitundu, mishipa ikafuata, na zilipokuwa zikijenga kolajeni yao wenyewe, ile ya ng'ombe iliyeyuka polepole. Baada ya wiki mbili au tatu silikoni ilibanduliwa na ngozi nyembamba sana ikawekwa juu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1981. Ajabu ni kwamba Yannas alitafuta tu kifuniko cha muda, na kilichoota kilikuwa karibu na tabaka halisi la ndani. Jeraha lenye sifongo hiyo halikujivuta kama mengine. Lile kovu linalokunja vidole lilikuwa limepata kizuizi.

Mwaka 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti waliandika makala iliyoipa elimu hii sura inayojulikana leo: chukua seli, chukua kiunzi, viweke katika mazingira yanayoviongoza, upate tishu. Kibofu, gegedu, mishipa ya damu, vyote vilijaribiwa kwa mpango huo. Ushindi mkubwa kuliko wote, nionavyo, ulibaki kwenye ngozi. Mwaka 2015, mtoto mkimbizi wa Syria, wa miaka 7, alikuwa anakufa Bochum, Ujerumani. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi isishikamane na mwili, na sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa imekwisha banduka. Michele De Luca na wenzake wa Modena, Italia, walichukua kipande kidogo, wakarekebisha jeni yenye kasoro ndani ya seli, wakakuza ngozi kwa njia ile ile ya Green, nao wapasuaji wa Bochum wakamvika asilimia 80 ya mwili wake. Makala yao ya 2017 ilionyesha kwamba ngozi yote hiyo mpya ilikuwa ikishikiliwa na seli shina chache zinazojizaa upya.

Miaka mitano kabla ya upasuaji huo, sisi wa Kongo ya mashariki tulikuwa na msiba wetu. Jioni ya Ijumaa, 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kati ya Uvira na Bukavu. Esansi ikatiririka kati ya nyumba. Watu walikuja na ndoo na bidoni, kwa sababu lita chache za esansi kwa mtu asiye na mshahara ni chakula cha wiki. Wengine hawakuja kuteka chochote: walikuwa kwenye vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka uliwakuta wote. Waliokufa walikuwa zaidi ya 230, wengi wakazikwa kesho yake katika makaburi ya pamoja. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, baadhi kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Tanzania ililia kilio hicho hicho tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki, wengine wakiwa wamefikishwa hospitali ya Muhimbili.

Mbinu ya Green ilikuwa imetimiza miaka 35 siku ile ya Sange. Sifongo ya Yannas ilikuwa na karibu miaka 30. Haikufika hata moja bondeni kwa wingi wa kuokoa mamia. Maabara ya kukuza ngozi huhitaji umeme usiokatika usiku na mchana kwa wiki tatu, hewa iliyochujwa, vimiminika vinavyosafirishwa kwa baridi, na watu waliofunzwa miaka. Umeme wa Kalemie unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na kila anayeishi mjini anajua siku zake. Treni ya kwenda Kabalo, kwenye reli ile ile iliyoleta Mimi na Toutou, haipiti kila siku. Nasema hivi nikijua kwamba wapasuaji wa mashariki hawana upungufu wa ustadi: hospitali ya Panzi ya Denis Mukwege, huko Bukavu, imekuwa ikishona tishu za wanawake zilizoraruliwa tangu mwaka 1999, na dunia imekwenda kujifunza kwake.

Kwa hiyo macho yangu yako Fortaleza, Brazil. Huko, daktari Edmar Maciel na wenzake walianza kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, Oreochromis niloticus, samaki wa asili ya Afrika aliyepelekwa Amerika kufugwa. Ngozi yake ilikuwa ikitupwa. Wao huiosha, huua vijidudu vyake kwa kemikali na kwa mnururisho, huihifadhi, kisha huilaza juu ya jeraha. Ina kolajeni nyingi, inabaki na unyevu, inashikamana. Mgonjwa wa moto wa daraja la pili hukaa nayo siku kadhaa bila kufunguliwa bandeji kila asubuhi, na aliyewahi kusikia kilio cha mtoto wakati bandeji kavu inabanduliwa atajua uzito wa jambo hilo. Haioti mwilini kama sifongo ya Yannas, wala haimtoshi aliyeungua hadi ndani. Inamlinda aliyeungua kidogo zaidi, na hao ndio wengi.

Ziwa letu lina ngege wake, Oreochromis tanganicae, ndugu wa sato. Anauzwa sokoni Kalemie. Kama ngozi yake ina unene na kolajeni ya kutosha, na kama inaweza kusafishwa bila kuharibika, ni maswali ya darubini, mizani na subira ya mwaka mmoja au miwili. Chuo Kikuu cha Kalemie kipo, wavuvi wapo, wagonjwa wapo. Anzeni na vipande kumi, vipimeni kwenye maabara kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, na pamoja na hayo nunueni kisu cha kuvuna ngozi na ile mashine ya wavu ya mwaka 1964, ambayo haihitaji umeme hata kidogo.